Kabla Hujaagiza Kiambatisho cha Kuchongea Mbao kwa Mashine ya Chuma

Katika kata za Nyakato, Buswelu, Kirumba na Pasiansi, wilayani Ilemela, karakana za nyumbani zimekuwa sehemu ya kawaida ya mitaa. Mwenye nyumba ana jiliwa, grainda na mashine ya kuchomelea. Wengine wamejinunulia pia mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile ambayo mafundi wengi huiita milingi. Mashine hii hubeba kisu kinachozunguka kwenye mhimili uitwao spindeli, na chini yake ina meza inayosogezwa kwa magurudumu ya mkono, mbele na nyuma, kulia na kushoto, kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita.

Mtu mwenye mashine ya namna hiyo huona upesi kwamba meza yake ingefaa pia kwa mbao. Ingemsaidia kuchimba tundu la kufuli ya mlango, kuchonga mfereji wa droo, au kutoboa matundu ya ulimi wa kiti yaliyo sawa yote kumi na mawili. Ndipo anapomwendea fundi na kumwagiza kiambatisho: kifaa kinachofungwa kwenye mashine ili iweze kufanya kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Makala haya yanamlenga mlaji huyo, pamoja na yule anayekusudia kujitengenezea mwenyewe. Jambo kuu tunalotaka alishike ni hili: vitu viwili vilivyo salama kila kimoja kikiwa peke yake vinaweza kuwa hatari vikiunganishwa. Mashine ina maelekezo yake kutoka kiwandani, na biti ya kuchongea mbao ina maandishi yake. Kifaa kipya kinachozaliwa kwa kuviunganisha hakina maelekezo wala kibati cha vipimo. Aliyeviunganisha ndiye mtengenezaji wake, na maswali yote ambayo kiwanda kingeyajibu sasa ni juu yake kuyajibu.

Chuma hutaka mwendo wa taratibu, mbao hutaka kasi

Tofauti kubwa kati ya kazi hizi mbili ni kasi ya makali. Ili kuijua, chukua kipenyo cha kisu, kizidishe kwa 3.14, kisha uzidishe kwa idadi ya mizunguko kwa dakika. Jibu ni umbali ambao makali husafiri katika dakika moja.

Kwa kisu cha kawaida cha chuma-kasi, chuma laini hukatwa vizuri makali yanapokwenda takribani meta 30 kwa dakika. Kwa kisu chenye kipenyo cha milimita 12, hiyo ni mizunguko kama 800 tu kwa dakika. Ndiyo sababu mashine nyingi ndogo za kuchonga chuma hazivuki mizunguko 2,500 au 3,000.

Mbao ni kinyume chake. Mashine ya mkono iitwayo ruta, iliyoundwa kwa ajili ya mbao, huzunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Biti ya milimita 12 ikizunguka mara 24,000, makali yake husafiri meta 15 kwa sekunde, sawa na gari linalokwenda kilomita 54 kwa saa. Biti hiyohiyo ikifungwa kwenye mashine ya chuma na kuzungushwa mara 2,000, makali yake hayafikii hata meta moja na nusu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kazi. Makali yanapokwenda polepole, nyuzi za mbao huvutwa badala ya kukatwa, kingo huchanika, na uso wa mfereji hubaki na manyoya. Mtumiaji akiharakisha meza ili kumaliza kazi, kila jino hung'ata kipande kikubwa kupita kiasi, na mbao inaweza kung'oka mahali ilipobanwa.

Huenda huhitaji kiambatisho

Kabla ya kutoa fedha, jiulize kazi yenyewe ni kiasi gani. Ikiwa unahitaji kuchonga matundu machache kwa mwezi, mashine yako kama ilivyo inaweza kutosha. Tumia kisu chenye makali mapya, weka kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa na mtengenezaji wa mashine, kata kina kidogo kidogo, na weka kipande cha mbao isiyo na thamani nyuma ya kazi ili ukingo usichanike. Matokeo hayatalingana na ya ruta, lakini msasa utamaliza yaliyobaki. Katika hali hiyo, fedha za kiambatisho zingefaa zaidi kununua visu bora na klampu za kutosha.

Jambo moja tu lisifanyike hata kwa kazi ndogo. Usikifunge kisu cha kuchongea pembeni kwenye chaki ya keekee. Chaki hiyo imetengenezwa kuhimili msukumo wa kutoboa, unaokwenda chini moja kwa moja. Ikisukumwa kutoka ubavuni inaweza kuchomoka kwenye spindeli ikiwa inazunguka. Kisu cha kuchongea hushikwa kwa koleti au kwa kishikio chake maalumu.

Njia tatu, na ile tunayoipendekeza

Mlaji anayehitaji kiambatisho kweli hukutana na mapendekezo ya aina tatu kutoka kwa mafundi.

Njia ya kwanza ni kubadilisha puli na mikanda ya mashine ili spindeli izunguke kwa kasi kubwa kuliko ilivyokusudiwa. Hatuishauri njia hii. Beringi na grisi ya spindeli vimechaguliwa kwa kasi iliyoandikwa kwenye kibati. Vikipitishwa kiwango hicho hupata joto, hulegea, na usahihi wa mashine kwa kazi ya chuma hupotea pamoja nao.

Njia ya pili ni kufunga kwenye spindeli kisanduku cha gia kinachoongeza kasi. Kifaa cha namna hii hutengenezwa na viwanda maalumu kwa usahihi mkubwa. Kikitengenezwa kwa kubahatisha katika karakana, hutoa kelele, joto na mtikisiko. Kama fundi wako anakipendekeza, mwombe akuonyeshe alichokwisha kukitengeneza na kinachofanya kazi.

Njia ya tatu ni kuiacha spindeli ya mashine ikiwa imesimama na kufunga ruta ndogo pembeni yake kwa mkono wa chuma au alumini. Mashine hutoa meza yake na magurudumu yake ya vipimo, ruta hutoa kasi. Kila kimoja hufanya kazi kiliyoundiwa. Njia hii ni nafuu, fundi kereza wa kawaida anaiweza, na kifaa kinaweza kufunguliwa bila kuacha alama kwenye mashine. Hii ndiyo tunayoipendekeza, na maelezo yanayofuata yanaihusu.

Mkono wa kushikia ruta unavyopaswa kuwa

Mkono huu ni bapa nene lenye matundu mawili. Tundu moja hukumbatia kichwa cha mashine au ganda lisilozunguka la spindeli, na la pili hukumbatia mwili wa ruta. Kila tundu hupasuliwa mfereji upande mmoja, na boliti za kubana hufunga mfereji huo ili bapa likumbatie kwa nguvu sawa pande zote. Tunashauri yafuatayo yaandikwe kwenye oda:

1. Bapa liwe na unene wa milimita 15 hadi 20, lenye kipande kimoja kisichoungwa kwa kuchomelea. Bapa jembamba hutikisika kama ubao wa kuogelea, na mtikisiko huo huhamia kwenye kazi.

2. Tundu la ruta lichongwe kwa kipimo cha ruta yako yenyewe, iliyopimwa kwa kalipa. Miili ya ruta hutofautiana kwa aina na kampuni, hivyo kipimo kilichotajwa kwa simu hakitoshi. Mpelekee fundi ruta yenyewe.

3. Mkono ubane sehemu ya chuma ya ruta, si ganda la plastiki. Plastiki hulegea ikipata joto. Aidha, matundu ya kupitishia hewa yasizibwe, kwa maana hewa hiyo ndiyo inayopoza mota.

4. Umbali kati ya spindeli na ruta uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kila sentimita inayoongezwa huongeza mtikisiko.

5. Boliti za kubana ziwe mbili kwa kila tundu, ili moja ikilegea kifaa kisidondoke.

6. Kuwe na kikinga uso cha plastiki angavu na ngumu, kilichofungwa kwenye mkono wenyewe, kati ya biti na macho ya mtumiaji.

Ruta ndogo yenye nguvu ya wati 500 hadi 700 inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Ruta kubwa ina uzito unaozidi uwezo wa kichwa cha mashine ndogo.

Biti na koleti: tofauti ndogo yenye madhara makubwa

Katika maduka ya vifaa huuzwa biti zilizotoka nchi mbalimbali. Baadhi zina shina la milimita 6, nyingine robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho zinafanana. Shina la milimita 6 likiingizwa kwenye koleti ya robo inchi, koleti hufungwa lakini haishiki kikamilifu. Biti inaweza kuanza kushuka taratibu wakati wa kazi na kuharibu mbao, au kuchomoka ikiwa katika kasi ya mizunguko 20,000. Hali ni hiyohiyo kwa milimita 12 na nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7.

Kwa hiyo nenda dukani na kalipa, au nenda na koleti yako. Ingiza shina lote hadi lifike chini, kisha livute juu milimita mbili au tatu kabla ya kukaza. Biti iliyopinda, yenye jino lililovunjika au isiyo na maandishi ya kasi yake ya juu kabisa isinunuliwe, hata bei yake ikivutia.

Usifunge msumeno wa mbao kwenye grainda

Hapa tunalazimika kusema kwa msisitizo, kwa sababu kiambatisho hiki ndicho rahisi kuliko vyote kukiunda. Mtu huondoa diski ya kukatia chuma kwenye grainda, huvua kikinga chake kwa kuwa msumeno mkubwa hauingii, kisha hufunga msumeno wa mviringo wa mbao.

Tazama hesabu yake. Grainda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Chukua msumeno wa milimita 180 ulioandikwa kuwa usivuke mizunguko 8,000. Ukifungwa kwenye grainda hiyo, meno yake yatasafiri kwa zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Nguvu inayojaribu kuupasua msumeno huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo hapa inakuwa karibu maradufu ya ile inayotokea kwenye kikomo chake. Jino likikwama kwenye fundo la mbao, grainda hurushwa kuelekea kwa aliyeishika, na hakuna kikinga kati ya meno hayo na mkono, paja au shingo yake.

Hakuna kiambatisho cha kienyeji kinachoweza kuifanya kazi hiyo kuwa salama. Mwenye haja ya kupasua mbao atumie msumeno wa umeme uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ukiwa na kikinga chake, au apeleke mbao kwenye mashine ya kupasulia. Gharama ya kupasuliwa mbao ni ndogo kuliko ya kidole kimoja, na fundi asiye na vidole hupoteza pia kazi iliyokuwa ikimlisha.

Umeme: mota mbili, kitufe kimoja

Karakana yenye kiambatisho cha aina tunayoieleza ina mota mbili karibu ya mkono mmoja: ya mashine na ya ruta. Kabla ya kutumia ruta, chomoa plagi ya mashine. Kitufe cha dharura chekundu kiwekwe mahali ambapo mtumiaji anakifikia bila kunyoosha mkono juu ya biti, na kikate umeme wa mota zote mbili.

Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Vifaa vilivyotumika vinavyoingia kutoka nje huwa wakati mwingine vimeundwa kwa volti 110 au 120 na hezi 60. Ruta ya volti 120 ikiunganishwa moja kwa moja kwenye umeme wetu huzunguka kwa kasi isiyodhibitika na kuungua. Mota ya kawaida ya mashine iliyoandikwa hezi 60 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita ikipewa hezi 50, na inaweza kupata joto kupita kiasi. Soma kibati kabla ya kulipa. Kifaa ambacho kibati chake kimebanduliwa usikinunue.

Jambo la tatu linahusu kukatika kwa umeme. Swichi ya kawaida ikiachwa imewashwa, umeme unaporudi mashine huanza kuzunguka yenyewe, pengine wakati mtumiaji anabadilisha biti au mtoto ameingia karakanani. Mwombe fundi umeme afunge swichi ya aina inayojizima umeme unapokatika na kubaki imezimika hadi mtu aiwashe upya. Aongeze pia swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, na ahakikishe waya wa ardhi umeunganishwa kwenye mwili wa mashine. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo; ni haki yako kuiona.

Mbao zenyewe na vumbi lake

Mbao hazifanani mbele ya biti. Msonobari ni laini, lakini ukiwa mbichi huacha utomvu unaoganda kwenye makali. Mvule ni mgumu, na ndani yake huwamo wakati mwingine vipande vyeupe vya madini ya chokaa, vigumu kama jiwe, vinavyoweza kuvunja jino la biti papo hapo. Mbao zilizotolewa kwenye mitumbwi ya zamani, ambazo hupatikana mialoni, huficha misumari iliyoliwa na kutu. Zipitishie sumaku kwanza.

Vumbi nalo lina hatari zake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu katika chapisho lake la mwaka 1995. Vumbi la mvule na la mninga hujulikana pia kwa kuwasha ngozi, macho na njia ya hewa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Tumia barakoa ya kuzuia vumbi, na kama uwezo upo, mashine ya kunyonya vumbi iliyoelekezwa kwenye biti.

Kwa mashine ya chuma kuna tatizo la ziada. Vumbi la mbao hunyonya mafuta ya kwenye reli na skrubu za meza, kisha hushika unyevu, na katika hewa ya kandokando ya Ziwa Viktoria unyevu haukosekani. Baada ya majuma machache reli huanza kuota kutu. Funika reli kabla ya kazi, fagia kwa brashi baada ya kazi, kisha paka mafuta upya. Zaidi ya hayo, usiwashe grainda ya chuma palipo na vumbi la mbao. Cheche moja inaweza kulala ndani ya vumbi na kuwaka usiku watu wakiwa wamelala.

Unapomwagiza fundi

Kiambatisho cha kuagiza hakina alama ya ubora ya TBS, kwa kuwa ni kifaa kimoja kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja. Alama hiyo itafutwe kwenye vitu vilivyonunuliwa: waya, plagi na swichi. Ulinzi wako kwa kifaa chenyewe ni makubaliano.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni yenye manufaa kwa mlaji. Kwa lugha nyepesi, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi ambayo bidhaa itafanya, na akategemea ujuzi wa muuzaji katika biashara yake, bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Kwa hiyo maneno unayomwambia fundi kabla ya kulipa yana uzito mkubwa. "Nitengenezee bapa lenye matundu mawili" ni oda ya bapa. "Nitengenezee mkono wa kushikia ruta hii kwenye mashine hii, kwa ajili ya kuchonga mbao" ni oda ya kifaa kinachopaswa kufanya kazi hiyo. Andika maneno ya pili.

Karatasi moja inatosha, ikiwa na mambo haya:

• majina ya pande zote mbili na tarehe;
• kazi ambayo kifaa kitafanya, pamoja na aina ya mashine na ya ruta;
• vipimo na aina ya chuma au alumini;
• bei, malipo ya awali na siku ya kukabidhi;
• jaribio litakalofanywa kabla ya malipo ya mwisho;
• muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo;
• saini za wote wawili.

Dai risiti, nayo uihifadhi pamoja na karatasi hiyo. Usilipe fedha zote kabla ya jaribio. Fundi mwadilifu hataudhika kwa utaratibu huu, kwa sababu unamlinda yeye pia dhidi ya mteja atakayebadili maelezo baadaye.

Anayehitaji ushauri wa kiufundi anaweza kulifikia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo limekuwapo kisheria tangu mwaka 1973 na lina ofisi Mwanza. Vyuo vya VETA navyo vina walimu wa useremala na wa mitambo wanaoweza kuukagua mchoro wako kabla chuma hakijakatwa.

Siku ya kupokea kifaa

Fanyeni jaribio pamoja, fundi akiwapo, kwa mpangilio huu:

1. Umeme ukiwa umechomolewa, shika ruta na uitikise kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo, kifaa hakijawa tayari.

2. Zungusha biti kwa mkono huku saa ya kupimia ikigusa shina lake. Mshale ukiyumba zaidi ya sehemu chache za mia za milimita, koleti au biti ina kasoro.

3. Washeni ruta kwa kasi ya chini bila kukata kitu, mkiwa mmesimama pembeni na miwani ya kinga machoni. Ongezeni kasi taratibu. Sauti ikibadilika kuwa ya kunguruma au meza ikaanza kutetema, zimeni.

4. Baada ya dakika kumi, zimeni, chomoeni plagi, kisha kagueni boliti zote. Iliyolegea ikazwe, na jaribio lirudiwe.

5. Kateni kipande cha msonobari kwa kina cha milimita tatu. Kina kisizidi nusu ya kipenyo cha biti kwa mkato mmoja.

Mbao ibanwe kwa klampu sehemu mbili au zaidi. Taya za jiliwa ya chuma huponda mbao, hivyo ziwekewe vipande vya mbao pande zote mbili. Meza isukumwe kuelekea upande unaopingana na mzunguko wa biti. Ikisukumwa kufuata mzunguko, biti huivuta mbao, na kwa kuwa skrubu za meza huwa na nafasi ndogo ya kucheza, meza nzima inaweza kuruka ghafla. Glavu zisivaliwe karibu na biti inayozunguka. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, kanga na nywele ndefu zifungwe. Masikio nayo yawekewe kinga, maana kelele ya ruta ikisikilizwa kila siku huharibu usikivu pole pole.

Ukimwajiri mtu, mambo hubadilika

Wengi huanza kwa kujitengenezea vitu vya nyumbani, kisha majirani huanza kuagiza, kisha kijana wa mtaani huja kujifunza. Kuanzia hapo karakana imekuwa mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inakuhusu. Inakupasa kusajili mahali hapo kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na kumpatia anayekufanyia kazi vifaa vya kinga. Mwanafunzi hajui unachokijua wewe kuhusu kiambatisho ulichokiunda, na kifaa hakina kitabu cha maelekezo anachoweza kukisoma. Kiandike wewe. Ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani, wenye kasi inayoruhusiwa, kina cha mkato na namna ya kuzima, unatosha kuanzia.

Endapo kuna kasoro

Kifaa kikionyesha kasoro, acha kukitumia mara moja. Kipige picha kabla ya kukifungua, kisha mweleze fundi kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja tarehe na tatizo. Mpe muda wa kurekebisha. Msipokubaliana, serikali ya mtaa inaweza kuwasikiliza, na mahakama ya mwanzo ipo kwa madai ya kiasi kidogo.

Kama tatizo ni bidhaa ya dukani, mfano ruta iliyouzwa kwa maelezo ya uongo au yenye nembo ya kughushi, peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003. Swichi, waya au plagi isiyokidhi kiwango iripotiwe kwa Shirika la Viwango Tanzania. Nenda na risiti na bidhaa yenyewe. Malalamiko yako yanaweza kumwondolea hatari mlaji mwingine ambaye bado hajaifikia bidhaa hiyo rafuni.

Ubunifu wa mafundi wa Ilemela unajulikana, nasi hatuna nia ya kuuzuia. Tunachokiomba ni kwamba kila anayeunganisha mashine mbili asome vibati vyote viwili, apige hesabu ya kasi, na aandike makubaliano kabla ya fedha kubadilishana mikono. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, nayo inafanyika vizuri zaidi vidole vyote kumi vikiwa vipo.